Barua kwa mwanangu anayekwenda Leipzig, Ujerumani

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Habari za viza nimezipata kwa dada yako kabla hujaniambia mwenyewe. Haya, tuyaache.

Yule Mjapani wako mtunzi wa muziki, Taki Rentarō, mbona hadithi yake hukunimalizia? Ulinisifia wimbo wake wa mwezi juu ya magofu ya ngome, Kōjō no Tsuki wa mwaka 1901, kwamba Wajapani wanauimba mpaka leo. Ukasema serikali ilimpeleka Leipzig, hukohuko uendako. Ukaishia hapo. Mdogo wako ndiye aliyenitafutia yaliyobaki. Kumbe alianza masomo Oktoba, na kabla mwaka haujaisha kifua kimeshamwangusha! Kifua kikuu. Mwaka 1902 akarudishwa kwao, na Juni 1903 akafia nyumbani kwa wazazi wake, Ōita. Alikuwa na miaka 23. Wewe una mingapi?

Usinijibu kwamba siku zile dawa hazikuwapo, hilo nalijua. Nasema hivi: ukikohoa wiki mbili, nenda hospitali. Usisubiri mtihani upite, wala onyesho liishe. Nakujua wewe na kuficha homa.

Wanasema karatasi zake nyingi za muziki zilichomwa, watu wakiogopa kuambukizwa. Mama yake sijui aliyatazamaje yale majivu. Kipande chake cha mwisho cha piano, Urami, alikitunga akiwa mgonjwa, miezi michache kabla hajafa. Mdogo wako alinichezea kwenye simu. Nikamwambia azime.

Baba yako kila anayeingia dukani lazima asikie habari za binti yake na piano. Mimi nami nafurahi, ingawa siku ile ng'ombe anauzwa nilisema niliyosema. Wewe cheza, ila kifua ukifunike. Masweta mawili nimeyapata sokoni Memorial, ya sufu, yote mazuri. Lile la kijani kola imelegea kidogo, utavaa ndani. Usijitie urembo kwenye baridi ya watu.

Migomba ya nyuma imeangushwa na upepo, na fundi wa bati amekula hela, haonekani. Karo ya mdogo wako tumelipa nusu.

Bima ya afya ya huko umeshalipia? Hilo nijibu kwanza. Na ufunguo wa kabati la vyombo umeondoka nao. Mpe kondakta wa basi la Jumamosi, wageni wanakuja.

Mama yako