Mwanangu, kinachowahi kuoza ndicho kitangulie chunguni

Lindi, Jumapili

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku nyumbani wote wazima, baba yako anakusalimu. Umesema mmejiunga na kapu la mboga hapo Mtwara, lile linaloletwa na kikundi cha wakulima kila Jumamosi, na kwamba ikifika Jumatano mnamwaga nusu yake jalalani. Wewe ndiye unayewahi kurudi kutoka kazini, kwa hiyo haya nakuandikia wewe. Mkwe wangu naye mpe asome.

Anayekwenda sokoni huamua kwanza atakula nini, ndipo anunue. Wa kapu vitu vimeshamfikia, na kila kimoja kina siku zake. Basi chakula cha wiki msikipange kwa hamu, kipangeni kwa kinachowahi kuharibika. Majani ni ya Jumamosi na Jumapili. Muhogo usivuke Jumatatu. Bamia, bilinganya na nyanya chungu ni za katikati ya wiki. Boga, viazi vitamu na mbaazi kavu zina subira, ndizo za Alhamisi na Ijumaa. Mkianza na boga Jumamosi kwa kuwa watoto wanalipenda, mchicha wa Jumatatu utakuwa wa kuku.

Kapu likifika lishughulikie saa hiyo hiyo, nusu saa inatosha. Usiliache lilivyo mpaka jioni, maana vilivyo chini vinakandamizwa na joto la Mtwara linamalizia. Majani yachambue: toa ya njano na yaliyopondeka, kata mizizi, lakini usiyaoshe. Jani lililohifadhiwa na maji juu yake huanza kuteleza na kunuka kesho yake. Iloweshe kidogo kanga kuukuu, ikamue mpaka isidondoshe tone, fungia majani humo, uweke sakafuni upande wenye kivuli. Kama friji ipo na umeme upo, yaweke kwenye ndoo yenye kifuniko na kitambaa kikavu chini. Ndizi mbivu, embe na nyanya ziwe mbali na majani. Matunda yanayoiva hutoa hewa ambayo hugeuza majani kuwa ya njano kabla ya wakati wake. Nyanya zilizolegea usizisubirie zipasuke. Zikate zote, zipike bila maji na chumvi kidogo mpaka zipungue nusu, na rojo hilo litawafaa mpaka Jumanne kama mna friji. Kama hamna, lichemshe tena kila asubuhi na mlimalize mapema.

Mchicha hauna mambo. Uoshe mara tatu ukiwa mzima, ndipo ukate, maana ukikata kwanza uzuri wake unabaki kwenye beseni. Kitunguu, nyanya, mafuta vijiko viwili vya chakula, mboga ndani, dakika nne au tano, ipua. Usiongeze maji, yaliyobaki kwenye majani baada ya kuosha yanatosha. Matembele ni hivyo hivyo. Majani ya maboga yavue nyuzi kwanza kuanzia kwenye kikonyo, la sivyo watoto watayatema. Mafuta au tui usiyaruke kwenye mboga za majani wala kwenye boga, kwa sababu vitamini A iliyomo mwili hauipokei vizuri bila mafuta.

Kisamvu kinataka maelezo zaidi. Chukua majani machanga ya juu tu, ng'oa vikonyo, twanga mpaka yalainike kabisa, pamoja na punje mbili tatu za kitunguu saumu. Kutwanga si kwa ajili ya ulaini peke yake. Majani ya muhogo yana sumu ya sayanidi iliyofungiwa ndani, na ni kule kuyaponda ndiko kunakoifungua ili itoke. Kisha chemsha kwa maji mengi, sufuria wazi. Sumu ile ikishafunguka hutoka kama hewa, na ukifunika unairudisha chunguni. Chemsha dakika 30 au zaidi, mpaka harufu kali ya majani mabichi iishe na maji yakaribie kukauka, ndipo utie nazi au karanga. Karanga zilizosagwa zivuruge kwanza kwa maji ya uvuguvugu kwenye bakuli. Ukizitupa kavu zitafanya madonge, na chini kutaungua huku juu bado kubichi. Kabla ya kusaga zichague karanga moja moja: yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi itupe, sumu ya ukungu haiondoki kwa kupika. Magadi mimi siyataki kwenye kisamvu. Yanalainisha haraka, ni kweli, lakini yanaharibu vitamini na kuacha ladha ya sabuni.

Sasa muhogo, ambao ndio mnaoutupa zaidi. Ukishang'olewa una siku mbili, tatu ukibahatika. Ukikata ukaona michirizi ya bluu au nyeusi, huo ni wa zamani tu, punguza sehemu hiyo. Ukiona mabaka ya kahawia makavu, magumu kama gamba la mti, huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, umetoka nao shambani. Kata kwa upana kuyazunguka mabaka hayo, na kama ugonjwa umeenea mzizi mzima usiupike. Waambie wakulima, wasije wakaendelea kupanda miche ya shina hilo.

Kabla ya kubandika, onja ncha ndogo mbichi kisha uteme. Mchungu usiuchemshe ukawapa watoto, hata ukiuchemsha muda gani. Mtamu umenye maganda yote mawili, lile jembamba la nje na lile nene la ndani, kwa sababu sumu hukaa zaidi kwenye ganda. Toa mzizi wa katikati, kata vipande vya urefu wa kidole, chemsha kwa maji mengi bila kufunika dakika 25 hadi 30, mwaga maji hayo. Hapo ndipo utie tui na chumvi. Kwa watu watano kilo 2 zenye maganda zinatosha chakula cha jioni. Uliobaki bila kumenywa ufukie kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, utaongeza siku kadhaa. Uliokwishamenywa ukae ndani ya maji yanayobadilishwa kila siku, si zaidi ya siku mbili.

Wakati mwingine kapu litaleta unga wa muhogo badala ya mizizi. Uliza swali moja: makopa, yaani muhogo mkavu uliosagwa, yalilowekwa? Muhogo mchungu unatakiwa kulowekwa siku tatu hivi mpaka ulainike, ndipo uanikwe. Ukianikwa juani moja kwa moja, sumu nyingi inabaki. Wanaokula unga wa namna hiyo wiki kwa wiki bila kitoweo cha maana hupata ugonjwa wa konzo, miguu inakakamaa ghafla na hairudi. Wanaoumia zaidi ni watoto na akina mama. Kama muuzaji hana jibu la hakika, fanya hivi. Mimina unga kwenye bakuli, weka alama usawa wake ulipofikia. Tia maji kidogo kidogo ukichanganya: kwanza utashuka, kisha utapanda mpaka kwenye alama, acha hapo. Utandaze kwenye mkeka kwa unene usiozidi sentimita 1, saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu inatoka na hewa. Songa ugali siku hiyo hiyo, maana unga uliolowa haulali.

Mbaazi ndizo za kuwaokoa siku za kazi. Nusu kilo kavu ichague mawe, ioshe, iloweke usiku kucha kwa maji lita moja na nusu, asubuhi mwaga maji hayo na bandika kwa mapya. Kwa mkaa huchukua saa moja hadi moja na nusu. Zikikataa kuiva sababu ni moja kati ya tatu: ni za mwaka juzi, maji ni ya kisima chenye chokaa, au mmetia nyanya au ndimu mapema. Vitu vikali huzuia punje kulainika, kwa hiyo nyanya ziingie mbaazi zikiwa zimeshabonyea kidoleni. Nusu kilo itakupa vikombe kama 6, navyo ni milo miwili na chai ya asubuhi moja kwa familia yenu. Siri ni kutotia nazi kwenye zote. Mbaazi zenye nazi zinachacha kabla hujaamka. Zilizochemshwa tupu zinakaa siku tatu kwenye friji, au mpaka kesho kama unazichemsha upya asubuhi na jioni. Kila mlo unachota vikombe viwili na kuviunga siku hiyo: leo kwa nazi na wali, kesho kwa kitunguu na nyanya na ugali, keshokutwa nazi tena na maandazi.

Nazi ukiipokea itikise. Isiyolia maji ndani, au yenye ukungu kwenye macho, irudishe. Ikishakunwa, mimina kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, fikicha, kamua, chuja: hilo ni tui zito, liweke kando. Tia vikombe viwili vingine kwenye machicha yale yale, kamua tui la pili. La pili ndilo la kupikia, linaingia na mbaazi na kitunguu na chumvi, linachemka mpaka lipungue. Zito linaingia mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, na hapo mwiko usitoke mkononi. Koroga taratibu upande mmoja mpaka litokote kidogo, dakika tatu au nne, ipua. Tui linakatika kwa sababu ya moto mkali, au kwa kufunikwa, au kwa kutia ndimu sufuria ikiwa bado jikoni. Likishakatika chakula kinalika, ila mchuzi unabaki maji chini na mafuta juu. Tui bichi msilitunze mpaka kesho, hata likionekana zima.

Bamia kuna wanaoipenda na mlenda wake na wasioupenda. Ukitaka kuupunguza, osha bamia nzima, ikaushe kwa kitambaa, kata vipande vikubwa, kaanga kwanza kwenye mafuta, halafu tia nyanya na ndimu, usifunike. Bilinganya na nyanya chungu zinakwenda vizuri na dagaa au kipande cha ng'onda, samaki mkavu. Hapo feri, soko la samaki, iko karibu, kwa nini mle mboga tupu? Boga zima lenye kikonyo chake linakaa wiki kadhaa mahali pakavu. Likishakatwa ni siku tatu, kwa hiyo likate siku ambayo utalipika nusu yake au zaidi. Viazi vitamu usiviweke kwenye friji, vinakuwa na kiini kigumu kisichoiva.

Kapu litabadilika na majira. Kwetu kusini mvua ni msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka mpaka Aprili au Mei. Miezi hiyo mtazamishwa na majani. Ya ziada, hasa ya kunde, yatie kwenye maji yanayochemka dakika mbili, chuja, anika kivulini penye upepo na si juani, jua kali linayamaliza vitamini. Yakikauka mpaka yavunjike mkononi, funga kwenye chombo kisichopitisha hewa. Kiangazi majani yanaadimika, mnapata mbaazi mbichi, mihogo, na wakati mwingine ming'oko, vile viazi vya porini. Ming'oko isugue udongo, ichemshe na maganda kwa chumvi mpaka ganda livulike kwa vidole, ni ya kunywea chai. Mabibo, matunda ya mkorosho, yakija yaleni siku hiyo. Korosho pokeeni zilizobanguliwa tu, mafuta ya ganda lake yanababua ngozi, na jikoni mna watoto.

Kunde na mbaazi kavu mkizipata nyingi ziwekeni kwenye chupa kavu, mjaze mpaka shingoni na mfunge kabisa. Wadudu wanaozitoboa wanahitaji hewa.

Kapu lao liosheni na kulianika kabla ya kulirudisha, maana majani yanayonasa kwenye ukindu yanaota ukungu unaohamia kwenye mboga mpya. Na muulize mbegu ya muhogo wanaoleta inaitwaje kwao, kama ni Kiroba au nyingine. Baba yako anatafuta miche ya kupanda mvua zikianza.

Wabusu wajukuu zangu.

Mama yako