Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mjadala wa Mji Unaobadilika na Waraka Uliozua Maneno

Mheshimiwa Mlezi, wanakamati wenzangu, wazee wetu, mama zetu na ndugu wanachama mliojaaliwa kufika: Assalaam aleikum, na ambao si Waislamu, hamjambo.

Shughuli za kawaida za chama chetu cha wasomaji hapa Mombasa nitazipitia mbiombio kwa sababu mnazijua. Vikao vya kusoma viliendelea kila mwezi isipokuwa Ramadhani. Tulitembelea Fort Jesus na vichochoro vya Kibokoni. Safari ya magofu ya Jumba la Mtwana iliahirishwa kwa mvua, kisha ikaahirishwa tena kwa sababu waliojiandikisha hawakutokea. Kabati la vitabu limetiwa kufuli. Mwanachama wetu mmoja ametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na chama kiliwakilishwa mazikoni.

Hesabu ni kama Mweka Hazina alivyonikabidhi. Katika daftari tuko wanachama 86. Waliolipa ada ya shilingi 1,200 kamili ni 31, yaani shilingi 37,200, waliolipa nusunusu wametuletea 6,400, wahisani 25,000. Jumla 68,600. Ukumbi na viti vimekula 28,000, chai na mahamri 19,500, kuchapa na kunakili 14,300. Zimebaki 6,800. Wanaouliza kwa nini mahamri yamegharimu kuliko karatasi, jibu mnalo nyinyi wenyewe.

Mada ya mwaka ilikuwa moja, nami ndiye niliyeipendekeza: wasomi wanaelezaje miji kubadilika na kudumu. Nilitaka tutoke kidogo katika mazoea yetu ya kuulizana nani alijenga nyumba gani na nani ni mjukuu wa nani. Wako walionung'unika kwamba tunaletewa nadharia za Wazungu. Nawakumbusha kwamba kikao cha kwanza kabisa kilimhusu mwanahistoria Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, muda mfupi baada ya msafiri Ibn Battuta kushuka hapa Mombasa mwaka 1331. Bwana huyo aliona kwamba mji hunawiri kwa wingi wa watu wake, ufundi wao na utawala unaowashikanisha. Utawala ukichakaa na watu wakipungua, wakazi hung'oa mawe ya jumba moja wakajengee jingine. Hayo aliyaandika karne ya 14. Siku hiyo tulikuwa watu tisa ukumbini, na wawili kati yao ni wanangu. Kwa hiyo anayesema hatukuwahi kumsoma Mwislamu, huenda ni kweli kwake yeye.

Sasa niingie katika jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu leo, maana ukumbi huu haujawahi kujaa hivi: waraka.

Kwa wasioijua habari, chama kiliombwa maoni kuhusu nyumba moja ya Mji wa Kale, ambayo warithi wake walitaka kuondoa roshani iliyooza na kuongeza ghorofa. Baadhi yetu waliandaa barua ya kutaka kisiguswe kitu, hata msumari. Mimi sikuitia sahihi. Niliandika waraka mwingine kwa jina la chama, ukiomba mambo manne: kichochoro kibaki na upana wake, kiwanja kisiunganishwe na cha jirani, chini pabaki duka na barza inayotazama njia, na kuta zitengenezwe kwa chokaa, si saruji. Habari ya roshani na ghorofa tuliwaachia wataalamu wa uhifadhi pamoja na warithi wenyewe. Mji wa Kale umetangazwa eneo la kuhifadhiwa tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Sheria yake ipo, na waraka wetu haukuomba mtu yeyote aivunje.

Kwa hilo nimeambiwa nimeuza mji. Nimeambiwa kwenye kikundi cha WhatsApp usiku wa manane, na watu ambao mchana hawapokei simu yangu.

Kwanza utaratibu. Kikao cha kamati kiliitishwa kwa barua na kwa simu. Akidi haikutimia. Kikaitishwa tena, tukawa mimi, Katibu na Mweka Hazina. Siku ya mwisho ya kupokea maoni ilikuwa inakaribia. Katiba yetu inampa Mwenyekiti ruhusa ya kutenda kwa dharura na kutoa taarifa baadaye. Taarifa ndiyo hii.

Pili sababu, na hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa ndiyo faida yote ya kusoma mwaka mzima. Mwezi wa tatu tulimjadili Conzen, mwanajiografia Mjerumani aliyehamia Uingereza mwaka 1933, ambaye alichunguza mji mdogo wa Alnwick uchochoro kwa uchochoro na mwaka 1960 akatoa kazi inayorejewa mpaka leo. Aliuchambua mji katika tabaka tatu: njia na viwanja, majengo, na matumizi. Matumizi hubadilika upesi: leo duka la vitambaa, kesho la simu. Majengo huenda polepole zaidi. Njia na mipaka ya viwanja ndiyo sugu kuliko vyote. Tulitazama picha ya Lucca, kule Italia, ambako uwanja wa michezo wa Warumi ulibomoka zamani na watu wakajenga nyumba zao juu ya misingi yake. Warumi hawapo, michezo haipo, lakini hadi leo nyumba zimeuzunguka uwanja wa duaradufu ileile.

Sasa leteni hesabu hiyo hapa kwetu. Roshani tunazozililia, nyingi ni kazi ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, zenye mkono mkubwa wa mafundi na wafanyabiashara wa Kihindi. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, yaani ngome ilikuwa na miaka 300 hivi kabla ya roshani nyingi kati ya hizo kutundikwa. Na njia ya Ndia Kuu iliyo chini ya roshani hizo ilikuwa ikipitwa na watu zama za Wareno. Ibn Battuta yeye alisifu misikiti yetu kwa kujengwa vizuri, na ilikuwa ya mbao. Hakuna hata ubao mmoja uliobaki. Je, misikiti imetoka Mvita, yaani Mombasa hii? Hata huo Mji wa Kale si wa kale kuliko yote: miaka ya 1970 Hamo Sassoon alichimba upande wa kaskazini, kwenye eneo la Hospitali Kuu ya Pwani, akakuta dalili za makazi ya miaka elfu moja hivi. Mji ulihama kisiwani humu humu na jina lake ukaja nalo.

Aliyesema kwenye kikundi kwamba "mawe ndiyo mji" naomba siku moja aende kwenye magofu ya Gede, karibu na Malindi. Pale James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948. Kuta zipo, misikiti ipo, visima vipo, kaburi lenye tarehe lipo. Watu waliondoka karne ya 17, na sababu bado zinabishaniwa: wapo wanaotaja mashambulizi, wapo wanaotaja visima kukauka. Mawe yamehifadhiwa vizuri sana, na kinachoishi ndani yake ni kima. Mombasa kinyume chake ilichomwa na Wareno mwaka 1505, ikachomwa tena 1528, ikavamiwa 1589 na Wareno na wapiganaji Wazimba kutoka kusini kwa mpigo. Kila mara mji ulijaa watu tena, ukajengwa upya. Kwa ushahidi wa mawe peke yake, Gede ingekuwa mji na Mombasa ingekuwa gofu.

Swali la kwa nini mji uliobomolewa hurudi tulilichukua kwa Davis na Weinstein, wachumi wawili waliotoa utafiti wao mwaka 2002 kuhusu miji ya Japani iliyopigwa mabomu katika Vita vya Pili. Walikuta kwamba mingi ilirudi katika nafasi yake ya zamani kwa idadi ya watu, na hata Hiroshima na Nagasaki zilirudi kwenye mwendo wao wa kukua ndani ya kizazi kimoja hivi. Mahali penyewe, kwa maoni yao, pana mvuto: bandari, njia, ardhi. Hilo kwetu ni jepesi kuamini. Kisiwa chenye maji ya kina pande mbili hakikosi mteja. Jahazi zilipopungua bandari ya zamani, meli zilikwisha ingia Kilindini, na reli iliyoanza kujengwa 1896 ikaanzia hapa. Hata makao ya serikali yalipohamishiwa Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20, mji haukufa, ulinuna tu kidogo.

Nakiri hoja moja ya wapinzani ilikuwa na uzito, nayo aliitoa mama mmoja aliyesimama kule nyuma katika kikao kimoja, si hawa wa usiku wa manane. Aliuliza: kiwanja kikibaki na kichochoro kikibaki, lakini nyumba ikawa ghorofa za kupangisha kwa wageni wa likizo, ni nani atakayekaa barzani? Akataja mtaa wa Majengo, ambako nyumba ni yako lakini ardhi ni ya mwingine na kila mwezi unamlipa kodi ya ardhi. Mwenye ardhi akitaka kuuza, nyumba yako hubaki udongo na makuti tu. Conzen wa Alnwick hakukutana na mambo hayo. Kwetu mipaka ya viwanja haikutoka kwa mababu tu; vingi vilisajiliwa chini ya sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, na aliyeijua sheria mapema ndiye aliyepata. Lefebvre, mwanafalsafa Mfaransa, mwaka 1968 alidai haki ya mji kwa wanaoukalia, na alipoandika hivyo hapana shaka alikuwa akiwafikiria wafanyakazi wa Paris. Ila mama yule alilisema jambo hilohilo kwa maneno machache na bila kumtaja mtu.

Ndiyo maana kifungu cha duka na barza kimo katika waraka. Nilikiandika mimi, tena kabla ya kikao kile, na Katibu ni shahidi. Barza ikibaki chini, mwenye nyumba analazimika kuwa na jirani. Vilevile nilipendekeza kwa mdomo warithi wafikirie wakf, yaani kuitoa mali kwa ajili ya Mungu, kwa sehemu ya nyumba, kwa sababu wakf hauuziki na kwa maoni yangu umehifadhi mitaa yetu kuliko barua zote tulizowahi kuandika. Hawakunijibu. Na habari ya chokaa si urembo: ukuta wa matumbawe ukipigwa saruji, unyevu hukwama ndani, boriti za mikoko huoza kwenye ncha, na dari hukuangukia. Barua ile ya "kisiguswe kitu" haikuwa na neno hata moja kuhusu chokaa. Waliiandika watu wanaopenda nyumba wakiwa wamesimama nje yake.

Matokeo ya waraka bado hayajatufikia. Yakija nitayasoma mbele yenu, yawe yalivyo.

Vikao vingine nitavitaja tu. Burgess wa Chicago na duara zake za mwaka 1925, zinazoonyesha mji ukipanuka duara baada ya duara kutoka kitovuni, hazikutufaa sana. Kisiwa hakina nafasi ya duara tano, na Likoni haingojei kitovu kipanuke, inangojea feri. Binti mmoja wa chuo alituletea msomi AbdouMaliq Simone, aliyeandika mwaka 2004 kuhusu Johannesburg kwamba watu wenyewe, kwa kujuana na kusaidiana, ndio miundombinu ya mji. Binti huyo alitoa mfano wa wabeba mizigo wa soko la Marikiti na wapiga debe wa matatu pale Buxton. Ilikuwa mada bora ya mwaka, na nasema hivyo ingawa zangu zilikuwa nne. Waliohudhuria walikuwa watano. Siku ya biriani ya kufunga mwaka tulikuwa sitini na ushei, na sura nyingine sikuzifahamu.

Hili la mahudhurio limenichosha. Sisi ndio wa kwanza kulalamika kwamba vijana hawajali mji wao. Kijana akija na karatasi zake, tunampa viti vitupu. Na ada: mtu anakaa barzani hadi isha akichambua hatima ya Mji wa Kale, ukimtajia shilingi 1,200 anakumbuka kwamba mtoto ana homa. M-Pesa iko mfukoni mwa kila mmoja. Sitaji majina, ijapokuwa daftari linayataja.

Kwa mwaka ujao tuna matumaini, Mwenyezi Mungu akijaalia, ya kuwatoa vijana wapime vichochoro na kuandika kila nyumba inatumikaje, ili mjadala ujao tuufanye kwa vipimo. Tunatumaini kupata ukumbi wa kudumu. Kijitabu cha mada za mwaka kitatoka wakati wake. Safari ya Jumba la Mtwana ipo palepale.

Nakala za waraka ziko mezani kwa Katibu, shilingi 20 kila moja, kufidia karatasi. Mwenye pingamizi alilete kwa maandishi, akitia jina lake, kabla ya kikao cha kamati kijacho. Wanakamati watakaokosa kikao hicho bila udhuru nafasi zao zitatangazwa wazi. Uchaguzi utafuata baada ya chai, na kwa mujibu wa katiba wanaopiga kura ni wenye risiti ya mwaka huu. Mweka Hazina yuko mlangoni na kitabu chake.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti