Ruzuku za jamii za asili zianzie kwenye mipaka na hati

Ndugu Mhariri,

Kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow mwaka 2021, serikali tano na mifuko 17 ya hisani iliahidi dola bilioni 1.7 kwa ajili ya ardhi na misitu ya jamii za asili. Taarifa yao wenyewe ya mwaka wa kwanza ilionyesha kuwa ni asilimia 7 tu ya fedha zilizotolewa iliyofika moja kwa moja kwenye asasi za jamii hizo. Ninawaomba wafadhili wanaokuja Manyara na Arusha kuwatafuta Wahadzabe, Wabarbaig na Wamaasai wabadilishe kile wanachokilipia kwanza.

Kisima, mizinga ya nyuki na darasa hupata mfadhili upesi. Ardhi ambayo vitu hivyo vitasimama juu yake haipati. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja, zaidi ya hekta 20,000, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, wakisaidiwa na shirika la UCRT (Ujamaa Community Resource Team). Mradi wa hewa ukaa unaowapa mapato kwa kulinda miti ya bonde hilo umesimama juu ya usalama huo wa ardhi.

Hati haiji kwa kuomba tu. Kwanza vijiji jirani vikubaliane mpaka na viongozi wa pande zote wasaini muhtasari; kijiji kipate cheti cha ardhi; mpango wa matumizi ya ardhi na sheria ndogo vipite mkutano mkuu wa kijiji; masjala ya ardhi iwepo. Panapoharibika mara nyingi ni pale mwanzo kabisa. Mfadhili ametoa miezi 12, basi wapimaji wanaletwa kabla wazee wa pande zote hawajautembea mpaka kwa miguu, jiwe kwa jiwe, mbuyu kwa mbuyu. Mwaka unaofuata kijiji cha pili kinapinga na faili linalala halmashauri. Vikao vya mpaka vinataka mafuta ya gari, chakula, mkalimani wa Kihadzabe, na muda. Masika barabara hazipitiki, na kiangazi kikikolea wafugaji wamehama na mifugo. Tarehe ipangwe na wenyewe.

Zikishapatikana, fedha nazo hukwama njiani kwa mambo madogo. Jina la akaunti lifanane herufi kwa herufi na cheti cha usajili, la sivyo benki huzirudisha. Benki zinazopitisha fedha hizo njiani hukata ada, kikundi kikapokea pungufu ya kilichoandikwa kwenye mkataba, kisha mkaguzi akauliza tofauti imekwenda wapi. Mkataba useme ada ni ya nani, na kwamba hesabu itatumia kiwango cha kubadilisha fedha cha siku zilipoingia. Kwa asasi iliyosajiliwa kama shirika lisilo la kiserikali, kanuni za 2018 zinataka mkataba wa zaidi ya shilingi milioni 20 ufike Hazina na kwa Msajili wa mashirika hayo ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Mkataba ukiletwa kwa Kiingereza pekee, siku hizo huishia kwenye kutafuta wa kuutafsiri.

Halafu risiti. Mama aliyewauzia wajumbe mbuzi wa kikao hana mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, wala kijana wa bodaboda. Mfadhili akidai risiti ya mashine peke yake, anakiweka kikundi mahali pa kughushi au kujilipia. Karatasi yenye jina la muuzaji, kitu, kiasi, tarehe, dole gumba lake na sahihi ya shahidi asiye kiongozi wa kikundi inatosha kwa manunuzi madogo, mradi kiwango cha juu kimeandikwa kwenye mkataba tangu mwanzo. Ulinzi mkubwa zaidi ni watia saini watatu kutoka koo tofauti, wawili wakisaini kila malipo, na taarifa ya benki kusomwa kwa sauti mbele ya mkutano wa kijiji kila robo mwaka.

Fomu ya maombi iwe ya Kiswahili, isizidi kurasa tatu. Taarifa ya mdomo iliyorekodiwa kwa simu ipokelewe kama taarifa halali. Mkataba usipungue miaka mitatu, na awamu ya kwanza ya fedha iwe ya vikao vya mpaka, kabla ya tofali la kwanza.

Msomaji wako,
Karatu