Tupime kwanza, ndipo katapila liingie

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemeshe wenyeviti wa vijiji na kamati za ujenzi. Nimekuwa fundi sanifu upimaji kwa miaka 31, sasa nimestaafu hapa Lushoto, na jambo hili linaniuma.

Kijiji chetu kilichonga kilima ili kupata uwanja wa shule. Mapatano yalikuwa kulipa kwa mita ya ujazo. Mkandarasi alileta hesabu ya tripu 310, kila lori mita 7, jumla 2,170. Kamati ikalipa. Hizo ni fedha za michango, na wamo kina mama waliouza kabichi ili watoe.

Nilipopata habari nilichukua futi, kamba na ule mpira wa maji wanaotumia waashi kupata usawa. Kila baada ya mita 20 nilivuta kamba kutoka ukingo wa juu hadi wa chini, nikapima eneo lililokatwa chini yake. Nilipata mita za mraba 18, 26, 22 na 14. Unajumlisha mbili zinazofuatana, unagawa kwa mbili, unazidisha kwa 20: 440, 480, 360. Kilima kilitoa mita za ujazo 1,280.

Simwiti mtu mwizi. Udongo ukishachimbwa huvimba, na huu wetu mwekundu nauhesabia robo nzima. Zile 1,280 zikipanda lorini huwa 1,600. Ukizigawa kwa tripu 310, kila lori lilibeba mita 5 na kidogo. Hayakujaa. Karani wetu alikaa getini anachora vijiti daftarini, wala hakuna aliyemwambia achungulie bodi la lori kama limejaa. Na hata yangejaa, tungelipia ule uvimbe pia, maana hati haikusema kama mita hizo ni za udongo ukiwa kilimani au ukiwa lorini. Neno hilo moja lilitugharimu mita 320.

Nilipopeleka hesabu yangu, mkandarasi aliniuliza: "Mzee, ulikuwepo kabla hatujachimba?" Sikuwepo. Kamba yangu inanyooka tu; haijui kama katikati ya mteremko palikuwa na kichuguu au bonde. Ardhi ikishaondolewa haina shahidi, na ndiyo maana nazisihi kamati: vipimo vya ardhi ya asili vichukuliwe mapema, pande zote mbili zikiwepo na kutia saini, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji. Ni kazi ya siku moja. Halmashauri zina mafundi wa kuisimamia.

Jumatatu tunaanza kusawazisha kiwanja cha nyumba ya walimu. Vigingi 24 nimeshavipigilia, kila kimoja na namba yake kwa rangi nyekundu. Ninawaomba wazazi wenzangu wawakataze watoto wasiving'oe.

Mpimaji mstaafu,
Lushoto, Tanga