Mnawaandaa vijana kwa safari, kazi je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, nitajitahidi nisiwachoshe wasomaji ingawa jambo lenyewe refu. Nimesoma makala yenu ya kuwaandaa wanafunzi wa biashara wanaoenda kufanya fildi nje ya nchi, na mengi mliyoandika ni kweli tupu, sivi iwe fupi, pasipoti isiwe karibu kuisha, barua ya ofa itunzwe, sawa, hayo yote sawa. Ila mimi niko upande wa pili wa hiyo safari, yaani mimi ndo yule mtu anayekaa ofisini akimsubiri mwanafunzi afike, maana idara yetu inauza bidhaa nje na kila msimu tunaletewa vijana kutoka vyuo vya nchi mbalimbali, na ninachokiona mimi ni kwamba vyuo vinaandaa safari halafu kazi inaachwa ijiandae yenyewe.

Kijana anafika Jumatatu asubuhi kapendeza, viza anayo, bima anayo, chumba keshapata, unamuuliza haya niambie umekuja kufanya nini hapa kwetu, anakujibu "kujifunza biashara". Biashara ipi sasa? Kuna ankara zinasubiri, kuna mizigo ipo njiani, kuna wateja wanadaiwa hawalipi, kuna tenda ya kujazwa kabla ya Ijumaa, wewe unaenda wapi kati ya hapo? Hajui, na wala simlaumu, maana barua ya chuo chake ina mistari mitatu tu inayosema apewe nafasi ya kupata uzoefu, na bosi wa kwetu aliyeijibu hiyo barua ndo kwanza yuko likizo. Basi wiki ya kwanza inaishia kwenye mashine ya fotokopi, ya pili hivyohivyo, na akirudi chuoni anaandika kwamba alipata uzoefu mkubwa, wanampa A.

Dawa yake ni karatasi moja, na iandikwe kabla tiketi haijakatwa. Wenzetu wengine wameshaifanya kuwa sheria kabisa. Mwanafunzi anayekwenda Marekani kwa viza ya J-1 kama intani lazima awe na mpango wa mafunzo kwenye fomu inaitwa DS-7002, mle ndani inaandikwa atafanya nini kwa kila awamu, nani atamsimamia na atapimwaje, wanaweka saini yeye na mdhamini wa programu na msimamizi wa kampuni, na kanuni zao zinasema kazi za kikarani zisizidi asilimia 20 ya kazi zake, na muda wote usizidi miezi 12. Ufaransa nako hakuna fildi bila mkataba wa pande tatu, chuo, kampuni na mwanafunzi, na kampuni moja haiwezi kumkalisha zaidi ya miezi 6 kwa mwaka wa masomo, halafu ikizidi miezi 2 posho ni lazima, sio hisani ya bosi. Ujerumani ndo kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui na lingewasaidia sana, kule fildi ikiwa ni sehemu ya lazima ya mtaala kampuni hailazimiki kulipa kima cha chini cha mshahara, lakini ikiwa ni ya kujitolea mwenyewe na imevuka miezi 3 inalazimika, kwahiyo sentensi moja ya chuo, kwamba hii ni lazima au sio lazima, inaamua kama utalipwa na wakati mwingine inaamua kama utachukuliwa kabisa. Sasa mtu anaiandika hiyo sentensi kwa haraka pale ofisi ya taaluma bila kujua amegusa mfuko wa mtoto.

Nchi nyingine hazidai kitu, na hapo ndo chuo chenyewe kinatakiwa kidai. Sisemi liandikwe kitabu. Kazi tatu au nne zinazoeleweka, kwa mfano kufuatilia madeni ya wateja, kuandaa bei za nje, kukagua hati za mizigo. Jina la msimamizi na jina la mtu wa pili huyo wa kwanza akisafiri, hili msilidharau, maana mwanafunzi asiye na mwenyewe ofisini anakuwa wa kila mtu, huyu anamtuma kule, yule anamwambia nisubiri. Programu za kompyuta atakazokuta. Saa za kazi. Nani analipa nini. Na kubwa kuliko yote, ataruhusiwa kuandika nini kwenye ripoti yake.

Hapo kwenye ripoti naomba nikae kidogo maana ndo vilio vinapoanzia. Vyuo vya biashara vinapenda mada kama "uchambuzi wa faida ya kampuni" au "mkakati wa bei", mwalimu anaipitisha, kijana anafurahi, anasafiri nayo, halafu akifika hakuna kampuni yenye akili timamu itakayompa mgeni wa miezi mitatu bei zake na faida yake akazichape kwenye karatasi itakayokaa maktaba. Analijua hilo mwezi wa mwisho. Mada inabadilishwa juu kwa juu, anaandika historia ya kampuni kutoka kwenye tovuti yetu wenyewe, yaani tunasomewa tulichoandika sisi. Wengine wanajaribu njia za panya. Tuliwahi kuwa na binti mmoja mchapakazi kwelikweli, alijitumia orodha ya wateja kwenye imeili yake binafsi ili akamalizie ripoti usiku, hakuwa na nia mbaya hata chembe, lakini watu wa mifumo wakaona faili limetoka na kesho yake asubuhi akaitwa ghorofa ya juu, akakatiwa mfumo wote, akamaliza wiki zake zilizobaki akipanga mafaili. Ulaya kuna sheria ya kulinda taarifa za watu, ilianza kutumika Mei 2018, jina la mteja na namba yake ya simu vinahesabiwa, na faini zake kampuni inaziogopa kuliko inavyoogopa kumuudhi mwanafunzi. Haya mambo ilitakiwa aambiwe chuoni, na mada ilitakiwa iulizwe kwa kampuni mapema, tunaweza kukupa asilimia badala ya kiasi kamili, tunaweza kukuruhusu uiite kampuni X, ripoti ikasomwa na mwalimu peke yake ikafungiwa, yote yanazungumzika kabla. Baada ya hapo hayazungumziki.

Jambo lingine ni kazi yenyewe. Wanafika wanajua maana za vitu, hawajui vinavyofanya kazi. Nikimuuliza mwanafunzi masharti ya Incoterms, yale ya kimataifa yanayogawa gharama na hatari kati ya muuzaji na mnunuzi, ananitajia toleo la 2020, masharti 11, vizuri sana, sharti mojawapo, CIF, analieleza kwamba muuzaji analipia usafiri na bima mpaka bandari ya kushushia, safi. Namuuliza, meli ikizama katikati ya bahari hasara ya nani? Wengi wananiambia ya muuzaji, si yeye ndo kalipia bima. Hapana, ni ya mnunuzi, kwa sababu hatari ilishahama tangu mzigo ulipopakiwa melini kule ulikotoka, na ile bima muuzaji kamkatia mnunuzi, kwahiyo mnunuzi ndo anadai. Huyo ukimwacha ajibu imeili za wateja wiki ya kwanza umeisha. Sio kwamba hawana akili, ni kwamba hakuna aliyewakalisha siku moja na hati halisi mkononi, hati ya shehena hii, ankara hii, cheti cha asili ya bidhaa hiki, angalia uzito wa hapa na wa pale unalingana, haulingani, sasa unampigia nani? Zoezi kama hilo linafanyika darasani kwa hati za zamani zilizofutwa majina, halihitaji pasipoti.

Kuna na vidogovidogo vinavyouma. Ujerumani, Italia, Hispania ukiona imeandikwa 1.250 hiyo ni elfu moja mia mbili na hamsini, nukta inatenga maelfu na mkato ndo unaotenga desimali, Uingereza na Marekani ni kinyume chake, hiyohiyo 1.250 ni moja na robo. Unaweza kucheka ila kijana aliyezoea ya kwao akiingiza oda ya katoni kwenye mfumo bila kuangalia lugha ya kompyuta imewekwa ipi, atakayecheka mwisho sio yeye. Tarehe nazo, 03/04 kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi, kwa wengi wengine ni tarehe 3 Aprili, na mkopo wa mteja wa siku 30 unahesabiwa kutoka hapo. Mwaka wa hesabu wa kampuni nyingi za Japani unaanza Aprili unaishia Machi, kwahiyo ukifika Machi mwishoni ukitegemea mtu wa fedha akae na wewe akufundishe, pole.

Kuhusu viza makala yenu ilieleza vizuri, naongeza moja tu. Viza fupi ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ile ya siku 90 ndani ya siku 180, yenyewe haikupi ruhusa ya kufanya kazi au fildi, kila nchi ina utaratibu wake juu ya hapo, na bima yake lazima ifike angalau euro 30,000, na maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, kwahiyo anayeanza kuhangaika wiki tatu kabla anajitafutia presha. Na kampuni ikikwambia wewe njoo tu na viza ya utalii tutajua huku, jua hiyo kampuni haijui au inajua na haijali. Ukikamatwa wewe ndo unarudishwa, wao wanatafuta mwingine.

Pesa siisemi sana. Posho mara nyingi inalipwa mwisho wa mwezi na akaunti ya benki inaweza kuchelewa kufunguka, kwahiyo uwe na ya kuishi mpaka hapo, basi.

Ila mawakala lazima niwaseme. Ukiona mtu anauza "ofa ya intanshipu" kwa malipo, hataji jina la msimamizi, kampuni haina simu ya mezani inayopokelewa na mtu, kazi yenyewe ni "masoko ya mtandaoni" na tiketi wanakukatia wao, hapo simama. Agosti 2023 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti kwamba watu wasiopungua 120,000 huko Myanmar na kama 100,000 huko Kambodia wanaweza kuwa wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni, na wengi wao walivutwa kwa matangazo ya kazi nzuri, na ni watu waliosoma, wenye lugha na kompyuta, yaani haohao mnaowaandikia makala. Ile karatasi moja niliyoisema inasaidia hata hapa, maana tapeli hawezi kukaa nusu saa kwenye simu ya video na mwalimu wako akijadili kazi za wiki ya pili.

Na hiyo simu ndo ombi langu kwa wakuu wa vitivo wanaosoma gazeti hili. Mwalimu, msimamizi na mwanafunzi, watatu, nusu saa, mwezi mmoja kabla ya safari, mnaipitia karatasi mstari kwa mstari. Mwanafunzi aulize, sio akae kimya kwa adabu, aulize nitakaa na nani, nitaona nini, sitaona nini, nikikwama nimwambie nani. Mimi wanafunzi waliopitia simu ya hivyo nawajua siku ya kwanza, anaingia anamtafuta mtu kwa jina, saa nne keshafungua faili.

Kampuni nazo zina lawama yake, tunakubali vijana kwa sababu chuo kimeomba vizuri halafu hatumwandalii hata kiti, hilo nalisema nikiwa ndani. Hapa kwetu tuliamua hakuna mwanafunzi anayepewa barua ya kukubaliwa kabla msimamizi wake hajaandika kazi zake kwa mkono wake na kuweka saini, mwanzoni wenzangu walinuna, sasa wamezoea. Fomu tunayotumia ina ukurasa mmoja, na kama kuna chuo kinataka kuiona, Mhariri anwani yangu unayo.

Msomaji wenu,
Msimamizi wa mafunzo, idara ya mauzo ya nje