Nusu dozi nilizouza zimerudi nyumbani kwangu

Mhariri,

Mwaka 2003, mpango wa maduka ya dawa muhimu ulipoanza kwa majaribio hapa Ruvuma, nilikuwa miongoni mwa kina mama tuliopelekwa mafunzo. Tulikaririshwa kwamba dawa za kuua bakteria haziuzwi bila cheti cha daktari na dozi haikatwi. Nilijua hivyo, na kwa miaka kumi na miwili nilifanya kinyume.

Fundi anakuja jioni, kifua kimembana, mkononi ana buku moja. "Dada, nipe rangi mbili za hii." Rangi mbili ni amoksilini, dawa ya kuua bakteria. Dozi ya ile ya miligramu 250, viwili mara tatu kwa siku tano, ni vidonge 30. Namkatia sita. Nikimwambia aende zahanati anavuka barabara tu, duka la pili wanampa. Na wengi wao walikuwa na mafua ya virusi, ambayo hata vidonge vyote 30 visingeyagusa.

Mwezi Machi mjukuu wangu wa miaka sita alishikwa na homa, akawa analia kila akienda haja ndogo. Akapewa dawa ya kwanza, ya pili, homa inashuka na kurudi. Hatimaye wakaotesha mkojo wake, yaani kukuza bakteria waliomo ili waone dawa ipi inawaua, tukasubiri siku tatu. Karatasi ya maabara ilikuwa na majina tisa ya dawa, na mbele ya sita imeandikwa herufi R: bakteria wamekuwa sugu. Niliyasoma yote nikiwa nimesimama koridoni. Dawa zile nilikuwa nazijua hata kwa rangi za maboksi yake. Mtoto alilazwa, akachomwa sindano siku saba, akapona.

Sidai kwamba vidonge vyangu ndivyo vilivyomuumiza. Lakini dawa inaua bakteria dhaifu na kumwachia nafasi yule inayeshindwa kumuua. Huyo hutoka na choo, akaingia kwenye maji na kwenye mikono ya watu, hata ya mtoto ambaye hajawahi kumeza kidonge. Mabanda yetu ya kuku nayo yamo: kuku akizubaa tu, unga wa OTC, nao ni dawa ya kuua bakteria, unakorogwa kwenye maji ya banda zima.

Septemba 2024 mataifa yalikubaliana kwenye Umoja wa Mataifa kupunguza vifo vinavyohusiana na usugu huu kwa asilimia 10 ifikapo 2030. Nayaunga mkono. Ila mkaguzi akija dukani asiishie kutazama leseni ukutani. Ahesabu maboksi yaliyoingia, kisha aombe vyeti vilivyoyatoa. Kipimo cha kuotesha nacho kipatikane katika kila hospitali ya wilaya, mgonjwa asijaribiwe dawa tatu kwa kubahatisha.

Na muuzaji alipwe mshahara. Mimi nililipwa kwa asilimia ya mauzo ya siku. Nikimrudisha mtu zahanati, nilikuwa narudisha na unga wa watoto wangu.

Muuza dawa mstaafu,
Songea