Barua ya wazi kwa mdogo wangu fundi wa bodi: Little Red halikupatikana kwa bahati

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Unasema Little Red, ile Mustang ya Ford iliyopatikana Texas, ni habari ya matajiri tu: mtu ana hela, anatuma watu kila kona, siku moja wanabahatika, kwisha. Nakujibu hadharani kwa sababu vijana wengi wa gereji pale mtaa wa Gerezani wakisikia neno lako kuhusu magari hawaulizi mara mbili, na katika hili umewapunja. Hela ilikuwepo, sikatai. Lakini gari lile lilitafutwa miaka na miaka na watu wenye hela na wasio nazo, na wote walirudi mikono mitupu. Aliyelipata alifanya jambo ambalo wewe na mimi tungeweza kulifanya tukiwa na simu, kalamu na subira.

Ngoja nianze na gari lenyewe, maana nadhani hata umuhimu wake umeupunguza.

Carroll Shelby unamjua. Mtu wa Texas, dereva wa mashindano, alishinda saa 24 za Le Mans mwaka 1959 akipokezana usukani na Roy Salvadori kwenye Aston Martin. Moyo ukamsumbua, akaacha mbio, akaanza kutengeneza magari. Ford walipoitoa Mustang mwezi Aprili 1964 ilikuwa gari zuri la vijana na la bei nafuu, lakini hakuna aliyeihesabu kuwa gari la mbio. Shelby akaipokea, akaikaza, akaitoa tena kwa jina la GT350. Mwaka 1967 akaongeza GT500: injini ya V8 ya inchi za ujazo 428, yaani lita 7 kamili, yenye kabureta mbili za Holley na nguvu za farasi 355 kwa hesabu za kiwandani. Zilitengenezwa 2,048 tu. Na zile zilizokwenda kwa wateja zilikuwa za umbo moja, lile la paa linaloteremka kutoka kichwani mpaka mkiani.

Sasa sikiliza. Mwishoni mwa mwaka 1966, Shelby American, yaani kampuni yake Shelby, wakiwa kwenye mabanda yao karibu na uwanja wa ndege wa Los Angeles, walitaka kujua kama GT500 inaweza kutoka katika maumbo mengine. Wakaagiza magari matatu ya majaribio, yote mekundu: moja la paa la mteremko, moja la paa la kukunja, na moja la paa fupi lenye buti la kawaida, umbo ambalo kila mtu Marekani alikuwa analiona mtaani. Hilo la tatu ndilo lililopewa jina la Little Red. GT500 ya mwaka 1967 yenye paa fupi ni hiyo peke yake duniani.

Halikukaa pale kama pambo. Fred Goodell, mhandisi mkuu wa Shelby, alilifanya kuwa gari la kujaribia kila wazo. Walilifunga supachaja ya Paxton, ile inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye injini na kuisukumia hewa kwa nguvu badala ya kuiacha ivute yenyewe. Moja haikuwatosha, wakajaribu mbili. Fikiria injini ya lita 7 ambayo tayari ina hasira, halafu unaongeza supachaja mbili chini ya boneti ya Mustang. Wewe unayejua nafasi iliyobaki chini ya boneti ile utaelewa kwamba hapo kulikuwa na kukata, kutoboa, kuchomelea na kutengeneza vishikizo kwa mkono. Ushahidi wa kazi ya namna hiyo haufutiki kirahisi kwenye bati. Shika hilo, nitalirudia.

Gari hili lilizaa jingine. Lee Grey, aliyekuwa anasimamia mauzo ya Ford katika eneo la Los Angeles, aliliona pale kwa Shelby na likamkaa rohoni. Akaona kwamba wateja wa California wangefurahi kupata Mustang ya paa fupi yenye sura ya Shelby, hata kama haina injini ya Shelby. Mwaka 1968 ikatoka California Special: matundu ya hewa ubavuni, taa pana za nyuma za Thunderbird ya 1965, na mbele farasi wa nembo akaondolewa. Ukiiona leo kwenye picha, jua sura ile ilitoka kwa Little Red.

Baada ya hapo gari likapotea.

Kwa miongo kadhaa jibu lilikuwa moja: lilipondwapondwa. Watu hawakuwa wanabuni. Viwanda vya magari vina desturi hiyo mpaka leo, gari la majaribio likimaliza kazi linaharibiwa, kwa sababu halikuundwa kuuzwa. Lina vipuri ambavyo havijathibitishwa, na likimuua mtu barabarani kampuni ndiyo itakayosimama mahakamani. Kwa hiyo mtu akisema «lilikwenda kwenye mashine», kila mmoja anaitikia. Hilo ndilo lililoniuma katika hadithi hii. Jibu lililokuwa na mantiki liliwatosha watu, wala hakuna aliyeuliza karatasi ya kuharibiwa kwake iko wapi.

Lakini lilikuwepo gari jingine lililopaswa kufa kifo hichohicho na halikufa. Ni Green Hornet, gari la majaribio la mwaka 1968, la kijani, nalo la paa fupi, lililojaribiwa mfumo wa kielektroniki wa kupulizia mafuta na ekseli ya nyuma ambayo kila gurudumu linacheza peke yake. Hilo lilichomoka, likapita mikono kadhaa, mwisho likaingia kwa Craig Jackson, mkuu wa kampuni ya minada ya magari ya Barrett-Jackson. Akiwa na Green Hornet mkononi akajiuliza swali la haki kabisa: kama hili lilipona, nani ana hakika kwamba lile jekundu limekufa?

Alikuwa na watu wawili karibu naye. Mmoja Todd Hollar, mtaalamu wa Shelby. Wa pili Jason Billups, fundi wa kurudishia magari ya zamani, mwenye karakana Colcord, Oklahoma. Billups ni mtu wa kazi yako, mdogo wangu. Na hapa ndipo nilipotaka ufike.

Mustang iliyopita kwa Shelby mwaka 1967 ilikuwa na namba mbili. Ya kwanza ni ya Ford, iliyogongwa kwenye bati la ndani la fenda siku gari linaunganishwa. Ya pili ni ya Shelby, kwenye kibati chake mwenyewe kilichopigwa ribiti gari lilipofika kwake. Kwa wapenzi wa Shelby namba ya pili ndiyo yenye heshima. Ndiyo inayoandikwa kwenye vitabu vya kumbukumbu, ndiyo inayotajwa mnadani. Kwa hiyo waliomtafuta Little Red walizunguka na namba ya Shelby. Walipiga simu, waliandika barua, waliuliza ofisi za usajili za majimbo, na kila walipouliza jibu lilikuwa hakuna gari la namba hiyo.

Billups na Hollar wakaacha namba ya heshima wakaenda kwenye namba ya Ford. Walipoipata wakaifuatilia kwenye kumbukumbu za usajili, na mlango ukafunguka: usajili wa kwanza, usajili wa mwisho, na mahali. Gari lilikuwa na historia ya kiserikali kama gari la mtu yeyote. Lilikuwa limeuzwa, limeandikishwa, limelipiwa. Tatizo ni kwamba lilikuwa limeandikwa kwa namba ambayo hakuna mtafutaji aliyejisumbua kuiuliza.

Namba ile ya Ford inasomeka vizuri ukiielewa, na nakuandikia ili uwasomee vijana. Tarakimu ya kwanza ni mwaka, 7 ni 1967. Herufi inayofuata ni kiwanda, R ni San Jose, California, F ni Dearborn, T ni Metuchen. Kisha umbo: 01 ni paa fupi, 02 paa la mteremko, 03 paa la kukunja. Baada ya hapo herufi ya injini, na mwisho namba ya mfuatano. Mtu akikuletea «Shelby GT500» ya mwaka ule na namba ya Ford inasoma 01, una majibu mawili tu: ama ni Mustang ya kawaida iliyovalishwa nguo za watu, ama umesimama mbele ya gari moja tu lililowahi kuwepo.

Machi 2018 walilikuta kaskazini mwa Texas, nje, shambani, limechakaa. Injini yake na giaboksi havikuwemo tena. Habari ikatangazwa Agosti mwaka uleule.

Najua utauliza kwa nini halikuonekana miaka yote hiyo ilhali halikufichwa. Chukua hesabu ya Ford yenyewe. Mwaka 1967 walitengeneza Mustang za paa fupi 356,271. Za paa la mteremko zilikuwa 71,042 tu. Lile umbo adimu kwa Shelby ndilo lilikuwa la kawaida kuliko yote kwa Ford. Likishavuliwa injini, likishapoteza sura ya mbele, likishapauka rangi, Little Red ni kuku mmoja mwekundu katika banda la kuku wekundu. Mpita njia anayejua magari angelipita. Mimi ningelipita. Jicho lisingesaidia kitu pale, mdogo wangu, ila namba.

Na hata baada ya kulikuta, kazi ilikuwa bado. Gari kama hili ndilo ambalo watu hughushi, na wewe umeshaona namba zilizokatwa gari moja zikaungwa kwenye jingine. Ndipo lile bati nililosema nitalirudia linapokuwa shahidi. Bodi ya gari la majaribio inabeba matundu yasiyo na kazi kwenye gari la kawaida, viraka, vishikizo vilivyotengenezwa kwa mkono. Mtu anayetaka kughushi anaweza kununua vipuri vyote vya Shelby vinavyouzwa, lakini ni shida sana kughushi makosa na marekebisho ya mafundi wa mwaka 1967 ambayo hayakuandikwa popote. Ndiyo maana kazi ya kulirudishia ilianza na kulisoma, pamoja na kuuomba umma picha za zamani na kuwatafuta watu waliofanya kazi kwa Shelby miaka ile. Hakuna aliyeshika grainda kwanza.

Hapa nina maoni yangu, na najua hatutakubaliana. Gari sasa limerudishiwa lote, jekundu pyu, paa jeusi la vinaili, linang'aa kama siku lilipotolewa. Kazi ni nzuri mno. Ila mimi ningependa ibaki sehemu moja, hata upande wa ndani wa fenda moja, ikiwa vilevile ilivyokutwa, na kutu yake. Ile miaka ya shambani nayo ni historia ya gari, na ndiyo miaka iliyolinusuru na mashine ya kuponda. Wewe utasema bodi nusu ni aibu ya fundi. Nakuelewa. Lakini rangi mpya inaweza kupigwa hata mwaka ujao, kutu ya Texas ikishasuguliwa huipati tena.

Sasa ombi langu, na ndilo lililonifanya nikae kuandika badala ya kukupigia. Kila mwezi wanunuzi wa chuma chakavu wanapita kwenu na mizani zao. Wanaondoka na Land Rover za chesisi ndefu, Peugeot 504, Bedford zilizobeba pamba na kahawa za nchi hii. Nyingine zilikuwa na namba za TZ, zikabadilishiwa, kadi zikapotea, na wenyewe wamekwishafariki. Sikuambii mzuie mtu kuuza, watu wana watoto wa kusomesha. Naomba daftari tu. Kabla gari halijakatwa, futa vumbi, piga brashi ya waya taratibu kwenye chesisi na kwenye ukuta wa injini, usiweke grainda, na kama gamba la kutu linafanya namba isisomeke, weka karatasi juu yake uichore kwa kusugua penseli. Andika namba ya chesisi, ya injini, rangi ya chini kabisa unayoiona, na nani aliyelileta na alilitoa wapi. Piga picha mbili. Vijana wanaweza kuifanya kazi hiyo wakati rangi ya gari la mteja inakauka.

Nikija nitaleta daftari gumu lenye mistari, lile la ofisini. Anza na Peugeot iliyo nyuma ya kibanda cha kuchomelea. Nasikia jamaa wameshaiulizia bei.

Dada yako